Uvunguni

Karavani ina matangi matatu. La kwanza ni la maji safi, yale ya kunywa na kupikia. La pili hupokea maji ya sinki na bafu, na Wamarekani huliita tangi la kijivu. La tatu liko chini ya choo, nao huliita tangi jeusi, jina ambalo halihitaji maelezo. Yote matatu ni ya plastiki, na yamelala uvunguni mwa nyumba, juu kidogo ya magurudumu. Majira ya joto mtu anaweza kuyakumbuka mara moja kwa wiki tu, siku ya kumwaga. Ikifika Novemba, kwenye majimbo ya kaskazini, hakuna mazungumzo mengine. Watu wakikutana asubuhi hawaulizani habari za kazi. Wanaulizana, "Matangi yako yameamkaje?" Na mwenye kuulizwa hujibu kwa uzito, kama anayeulizwa habari za mgonjwa.

Niliishi kwenye karavani kwa majira mawili ya baridi, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013, katika mji wa Williston, jimbo la North Dakota, karibu na mpaka wa Kanada. Mtu aliyekulia Mburahati, Dar es Salaam, hafiki Williston kwa kutembea-tembea. Kilichotupeleka ni mafuta. Chini ya ardhi ya pale kuna mwamba uitwao Bakken, na mafuta yake yalianza kutoka kwa wingi baada ya kampuni kujua namna ya kuchimba kwa ulalo na kuupasua mwamba kwa maji yenye mgandamizo mkubwa. Mwaka 2012 North Dakota iliipita Alaska, ikawa jimbo la pili kwa mafuta Marekani nyuma ya Texas. Williston, mji uliohesabiwa watu 14,716 mwaka 2010, ukafurika wanaume wenye buti za matope. Nyumba zikaisha. Mapema mwaka 2014 ripoti moja ya nyumba za kupanga iliuweka mji huo juu ya New York: chumba kimoja na sebule, zaidi ya dola 2,300 kwa mwezi.

Binamu yangu alikuwa ametangulia, akiendesha lori la kupeleka maji visimani. Mimi nilikuwa Minnesota, mwaka wa pili tangu nipate ukaazi kwa bahati nasibu ya viza, nikiosha vyombo kwa mshahara ulioisha kabla ya mwezi. Akanipigia simu: "Kazi ipo, nyumba hakuna, lakini nimenunua karavani." Nikapanda treni usiku, nikafika siku iliyofuata. Karavani yenyewe ilikuwa ya mwaka 1999, urefu futi 26, imeegeshwa kwenye uwanja wa kokoto wenye karavani nyingine kama themanini. Nikapata kazi ya jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi. Binamu alilala mchana, mimi usiku, na kitanda hakikupoa.

Mtoto wa Dar anajua maji yanayokatika. Anajua mgao, dumu, foleni ya bombani, na simtanki la jirani mwenye kisima. Hakuna aliyewahi kumfundisha maji yanayosimama, maji ambayo yapo, unayaona, lakini hayaendi popote. Mashariki ya Williston kuna kijiji kiitwacho Parshall. Tarehe 15 Februari 1936 kipimajoto cha pale kilisoma nyuzi 51 chini ya sifuri, na hakuna mahali pengine North Dakota palipowahi kushuka zaidi ya hapo. Sisi hatukufika huko, lakini nyuzi 30 chini ya sifuri tulizizoea. Kwenye baridi hiyo ukimwaga chai ya moto hewani inageuka ukungu, na watu hupiga video. Uvunguni mwa nyumba yako, ambako hakuna anayepiga video, lita 110 za usichotaka kukifikiria zinatafuta njia ya kuwa jiwe.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa. Kwa sikio ni kidogo. Lakini tangi lililojaa halina pa kuiweka hiyo tisa, kwa hiyo plastiki hupasuka. Mara nyingi hutajua usiku huo. Utajua siku jua litakapotoka.

Aliyetufundisha alikuwa jirani, mzee wa Kimarekani, fundi wa kuchomelea mabomba, mtu wa Montana ambaye alikuwa ameishi kwenye karavani miaka mingi. Alikuja siku ya tatu, akainama, akachungulia uvunguni mwetu kwa tochi, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema nyumba yetu haina nguo.

Nguo alizozisema huitwa sketi. Karavani imenyanyuka juu ya ardhi, na upepo wa tambarare zile unapita chini yake bila kubisha hodi. Ardhi yenyewe, hata ikiwa imefunikwa na theluji, ina joto kidogo linalotoka chini, lakini upepo hulichukua kabla halijafaa kitu. Kwa hiyo unaizungushia karavani ukuta kutoka sakafuni hadi chini. Sisi tulitumia mabamba ya foamu gumu yenye unene wa sentimita tano, tukayakata kwa kisu cha jikoni, tukayaunga kwa selotepu ya alumini. Wengine walipanga marobota ya nyasi kavu, ambayo ni rahisi, lakini panya huyapenda na moto huyapenda zaidi. Theluji ilipoanguka tuliisukuma kwa sepeto hadi kwenye mabamba, kwa sababu theluji, kwa maajabu yake, ni blanketi zuri.

Ndani ya sketi tuliweka balbu mbili za zamani, zile zinazopoteza umeme mwingi kama joto. Kwa taa ni hasara, kwa uvungu ni neema. Tukazungusha nyaya za joto kwenye bomba la kutolea uchafu na kwenye vali, maana baridi haianzii kwenye tangi. Tangi ni kubwa, linakawia kupoa. Inaanzia pembeni, kwenye mabomba membamba na kwenye vali, kile kipande cha plastiki unachokivuta kwa mpini ili mzigo utoke. Unaweza kuwa na tangi zima la maji na huna njia ya kulifungua.

Halafu kuna jambo la hita, ambalo mpaka leo naliwaza hata nikiwa sehemu zenye joto. Karavani yetu ilikuwa na hita ya gesi, na mirija yake ya hewa ya moto ilipita chini ya sakafu, kando ya matangi, kabla ya kutokea chumbani. Gesi ni ghali. Duka lolote la mjini lilikuwa na hita ndogo za umeme, na umeme ulikuwa ndani ya kodi ya kiwanja. Mtu anawasha hita ya umeme, chumba kinapata joto, kidhibiti joto cha ukutani kinaridhika, na hita ya gesi inanyamaza. Juu unavaa fulana. Chini, ambako hewa ya moto haipiti tena, matangi yanaganda. Mzee alituambia: katika baridi kali, joto likikutosha wewe usidhani limewatosha walio chini. Alikuwa anazungumzia mabomba. Tulianza kuiacha hita ya gesi ifanye kazi yake, na ile ya umeme tukaipeleka uvunguni kabisa, mbali na foamu, kwa ajili ya usiku mbaya.

Sheria nyingine ni ya vali. Mgeni hufikiri ni busara kuiacha wazi muda wote, ili kila kitu kiende zake chenyewe. Kwenye tangi la kijivu, maji hutiririka kidogo kidogo, na kila tone huganda juu ya mwenzake hadi bomba linaziba kama mshipa. Kwenye tangi jeusi ni vibaya zaidi: maji yanakimbia, kizito kinabaki, na chini ya tundu la choo kinaota kichuguu. Kwa hiyo unafunga. Unasubiri tangi lifike theluthi mbili, ndipo unafungua, ili maji mengi yatoke kwa kishindo na kubeba kila kitu. Kisha unainua bomba, unalikung'uta, unalifungua, unalikunja na kulihifadhi. Unamwaga lita kadhaa za dawa ya rangi ya waridi, propilini glaikoli, ambayo haigandi upesi na haina sumu kali kama ile ya kijani ya kwenye injini za magari. Kuhusu kiasi kilichomo tanginini usizitegemee taa za kipimo zilizoko ukutani. Zinadanganya. Karatasi ikinata kwenye kihisio, taa inakwambia umejaa wakati uko mtupu.

Kazi hiyo nilikuwa naifanya mimi, kwa kuwa nilirudi kwanza. Glovu za mpira juu ya glovu za sufi, tochi mdomoni, magoti juu ya kipande cha zulia. Desemba, mistari miwili kutoka kwetu, tangi la familia moja lilipasuka. Mume, mke na mtoto wa miaka kama minne. Sheria ya kiwanja ilikuwa kwamba anayemwaga uchafu ardhini anaondoka siku hiyohiyo. Waliondoka saa kumi na moja jioni, jua likizama, karavani ikiwa na ndevu za barafu za kahawia. Sikujua walikwenda wapi. Nyumba za kupanga mnazijua bei zake.

Mwanzoni mwa Januari 2014 hewa ya Ncha ya Kaskazini ilishuka hadi katikati ya Marekani. Gavana wa Minnesota aliamuru shule zote za serikali zifungwe Jumatatu ya tarehe 6. Jumapili yake, sisi tukiwa kwenye nyuzi 31 chini ya sifuri na upepo juu, umeme wa kiwanja ukakatika.

Kwa Mtanzania kukatika kwa umeme si habari. Lakini pale nyaya za joto zilikufa, balbu zikafa, na hita ya gesi, ambayo feni yake huendeshwa na betri, ikaunguruma mpaka betri nayo ikaisha. Binamu alikuwa barabarani. Nilikwenda kukaa kwenye pikapu ya yule mzee, injini ikiwa imewashwa, tukisikiliza redio ikitaja barabara zilizofungwa. Umeme ulirudi saa mbili usiku. Nikarudi nikawasha kila kitu, nikatambaa uvunguni, nikaushika mpini wa vali ya tangi jeusi. Haukujongea hata unywele.

Saa nne usiku simu ikaita mfukoni, nikiwa bado nimelala chali chini ya nyumba. Williston ikiwa saa nne usiku, Dar ni saa moja asubuhi. Alikuwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Heri ya mwaka mpya. Mbona sauti kama ya mtu aliye shimoni?"

Nikamweleza. Sikuwa na nguvu ya kutunga kingine. Nikamwambia nyumba yetu ina choo chenye tangi, tangi limepatwa na baridi, na nisipolifungua usiku huu huenda kesho hatuna pa kukaa.

Akanyamaza kidogo. "Limeganda lote, au mdomo tu?"

"Sijui. Mpini haujongei."

"Usiulazimishe. Ukiuvunja umekwisha. Kuna nafasi juu?"

"Ipo. Halijajaa."

"Basi lipe maji. Ya uvuguvugu, si ya moto. Kizito hakitolewi kwa nguvu, kinatolewa kwa maji na subira. Sisi tulikuwa tunamwaga maji kwanza, tunakoroga kwa mti mrefu, tunakaa kando. Ukiingia na hasira unatoboa ukuta wa shimo. Shimo likianguka linakuzika humohumo."

Nililala pale na simu sikioni. Kilichonishika si ushauri. Ni lile neno, sisi.

Nieleze. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haina mabomba ya majitaka. Watu wana vyoo vya shimo, na shimo hujaa. Kwenye mitaa yenye nafasi linakuja gari la kunyonya. Kwenye vichochoro vya Manzese, Tandale au Mburahati gari halipiti, kwa hiyo wanaitwa watu. Wanakuja usiku na majembe, ndoo na mafuta ya taa ya kukata harufu. Wanachimba shimo jipya kando ya lile la zamani, mmoja wao anaingia ndani, na mzigo unahamishwa ndoo kwa ndoo kisha unafukiwa. Watu hao mjini huitwa vyura. Njia rahisi kuliko wao ni kutapisha: kungoja mvua kubwa, kulitoboa shimo, na kuuachia uchafu uende na maji kwa jirani wa bondeni.

Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba baba mdogo anafanya kazi bandarini, zamu ya usiku. Baba yetu alikuwa amefariki, na yeye, ambaye hakuwa na mtoto, ndiye aliyelipa ada zetu za sekondari, mimi na dada yangu, kuanzia mwaka 2002. Alirudi alfajiri. Mama alikuwa amemwekea ndoo mbili za maji na kipande cha sabuni ya mche nyuma ya nyumba, na hakuna aliyetoka nje mpaka amalize. Alipoingia alikuwa na harufu ya sabuni, na chini ya sabuni, mafuta ya taa. Sisi watoto tulijua bandarini hakuna kazi inayonukia hivyo. Tulijua kama watoto wanavyojua mambo, bila kuambiwa na bila kuuliza. Neno chura halikutamkwa kwetu hata kwa mdudu mwenyewe.

Na sasa, kilomita maelfu kutoka Mburahati, baba mdogo alikuwa ananielekeza.

Tulikuwa na madumu mawili ya maji ndani ya karavani, karibu na kitanda. Binamu alikuwa akinicheka kwa tabia hiyo ya Dar, kuweka akiba kwenye nyumba yenye bomba. Nikapasha maji kwenye sufuria, nikayachanganya na dawa ya waridi, nikayamwaga chooni taratibu. Nikachukua draya ya nywele niliyoazima kwa jirani, nikaivutia ekstensheni, nikatambaa tena uvunguni, nikaielekeza kwenye vali. Mzee wa Montana alikuwa amenionya nisithubutu kutumia moto wa wazi, maana plastiki ile huyeyuka kabla barafu haijalegea. Baba mdogo alibaki kwenye simu. Alisema ana muda, amestaafu.

Ilichukua saa mbili na robo. Katika muda huo alinisimulia kazi yake, yote, kama mtu aliyengoja miaka aulizwe. Namna ya kumsikiliza mwenye nyumba akisema shimo lina futi kumi na kujua ni kumi na nane. Namna ya kupima kwa mti, si kwa maneno. Vioo vilivyovunjika, wembe, sindano, vitu ambavyo watu hutupa chooni wakidhani vimetoweka. Pampu ya mkono iitwayo Gulper, iliyoletwa baadaye ili mtu anyonye uchafu akiwa amesimama juu badala ya kuzama ndani, na namna ilivyokwama kila ilipokutana na matambara. Rafiki yake mmoja, ambaye ukuta wa shimo ulimwangukia. Hakulitaja jina lake, nami sikumuuliza.

"Na nyie kikitoka, kinakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia kinapita kwenye bomba la kiwanja hadi kwenye tangi kubwa lililozikwa. Kila siku linakuja lori kunyonya na kwenda kumwaga kwenye mabwawa ya mji.

"Dereva wake analipwa?"

"Analipwa vizuri, baba mdogo. Hapa wanamtegemea kuliko meneja."

"Anakuja saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, saa tano hivi."

"Mchana?"

"Mchana."

Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akarudia, polepole, kama anayejifunza neno la lugha nyingine. "Mchana."

Mpini ulijongea saa sita na nusu usiku. Kwanza kwa mlio, kisha kwa sentimita moja, kisha wote. Mzigo ukateremka bombani kwa kishindo ambacho sijawahi kukifurahia tena. Nilipiga kelele. Baba mdogo, Dar es Salaam, naye akapiga kelele, na nikamsikia shangazi akiuliza kuna nini, naye akamjibu: "Choo cha mtoto kimefunguka!"

Baada ya hapo alinipigia kila Jumapili hadi theluji ilipoyeyuka. Hakuuliza kwanza habari za kazi. Aliuliza habari za tangi. Nilimtumia picha za sketi, za nyaya, za vali mpya tuliyoibadilisha Aprili. Alizionyesha kwa wazee wenzake barazani, na akaniambia kwamba wengine hawakuamini kuwa Mzungu naye analala juu ya choo chake.

Majira ya baridi ya pili yalikuwa mepesi kwetu, si kwa sababu baridi ilipungua, bali tulijua. Mwishoni mwa mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ilianguka, mitambo ikaanza kusimama, na kiwanja chetu kikabaki na mapengo kama kinywa cha mzee. Masika ya 2015 tuliuza karavani kwa kijana aliyetaka kwenda nayo Arizona. Aliuliza kuhusu matairi, paa na friji. Hakuuliza kuhusu matangi. Nilimpeleka uvunguni kwa tochi, nikamwonyesha yote, hata alipokuwa ameshaanza kutazama saa.

Baba mdogo alifariki mwaka 2019, kwa maradhi ya kifua. Sikuweza kwenda kuzika. Familia ikaniomba niandike wasifu wa marehemu, nautuma kwa WhatsApp, dada yangu ausome msibani. Niliandika alipozaliwa, alikosoma hadi darasa la saba, mwaka aliofika Dar es Salaam. Nilipofika kwenye kazi nikampigia Mama.

"Andika bandari," akasema.

"Mama, hakuwahi kufanya kazi bandarini."

"Najua hakuwahi. Mimi ndiye niliyemwekea maji miaka yote hiyo. Lakini watu watakuwepo, mwanangu. Watasema nini?"

"Watakaokuwepo ni walewale waliokuwa wakimgongea mlango usiku."

Alikaa kimya. Nilisikia sufuria za msibani zikigongana nyuma yake na wanawake wakiulizana chumvi. Nilikuwa tayari kuandika bandari kama angesema tena, kwa maana yeye ndiye aliyebaki mtaani, mimi niko mbali. Hakusema tena. Alisema, "Andika vizuri basi. Usiandike lile neno la mtaani."

Niliandika kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi ya kuondoa majitaka katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, sehemu ambazo magari hayakufika, na kwamba kwa kazi hiyo aliwasomesha watoto wawili wa marehemu kaka yake. Dada aliusoma saa saba mchana, kwa kipaza sauti, chini ya turubai. Anasema sauti ilimkwama mara moja tu, na kwamba hakuna aliyecheka.

Jioni Mama alinipigia wakati wanahesabu rambirambi. Akasema amekuja bibi mmoja kutoka Tandale ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa ameketi mwisho kabisa, na baada ya wasifu akasogea hadi kwa Mama na kumshika mkono. Alisema mwaka wa mvua za El Niño choo chake kilijaa hadi mlangoni, wapangaji wanahama, na marehemu alifanya kazi siku tatu usiku akachukua nusu ya pesa. Nusu nyingine alimwambia atalipa mvua zikikatika. Mvua zilikatika, na marehemu hakurudi kuidai.

"Ametoa elfu kumi," Mama akasema. "Tumeiandika kwenye daftari. Dada yako ameuliza tuiandike kama nini, rambirambi au deni. Nimemwambia andika deni, limelipwa."